Wazo Lililofunga na Kusali

Huku kwetu Mwika, Kilimanjaro, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini Nabothi aligoma kuuza shamba lake. Katika 1 Wafalme 21 mfalme Ahabu anamwahidi shamba bora zaidi, au fedha akitaka, na bado anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Aliyezaliwa kihambani, kati ya migomba na mibuni, makaburi ya babu na bibi yakiwa hatua chache kutoka jikoni, anamwelewa mara moja. Anayetusumbua ni Ahabu, maana tunafanana naye kuliko tunavyopenda kukiri.

Kisa kinachofuata nimekiunganisha kutoka mashauri kadhaa ya mipaka. Msomaji asihangaike kumtafuta mhusika.

Bwana mmoja alikuwa na duka Kariakoo. Kila Desemba, kama Wachagga wengi, alipanda nyumbani na familia. Alikuwa amejenga nyumba nzuri, ila gari halikuweza kufika mlangoni: kati yake na lami ya kwenda Rombo palikuwa na kipande cha kihamba cha mama mjane. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mtoaji mzuri, na alianza kwa adabu zote. Alibeba sukari na mafuta ya kula, akaamkia, akataja bei ya kueleweka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hapo nimemlaza mume wangu. Nikuuzie na yeye?"

Angeaga akaenda zake, yangeishia hapo. Lakini usiku ule, akiwa kitandani, alianza kukipima kile kipande kichwani: geti hapa, maegesho pale, kaburi lisogezwe kidogo. Usiku wa pili akapima tena, na safari hii geti lilikuwa limekwisha kupakwa rangi. Ahabu naye alijilaza kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Wengi tukisoma habari zake macho hukimbilia mawe yaliyomuua Nabothi. Mimi huwa nakitazama kile kitanda. Pale hapakuwa bado na barua, muhuri wala shahidi wa uongo, na mambo yangeweza kukomeshwa bila mtu yeyote kujua.

Tunajua kujihadhari na mawazo yanayokuja uchi: chuki, uzinzi, wizi. Linalotupita ni lile linalokuja limeoga na kuvaa nguo za ibada. Kwenye jumuiya, alfajiri, bwana yule aliomba wenzake wamkumbuke: "Nina jambo langu, Mungu anifungulie njia." Hakusema ni jambo gani. Wakaomba kwa bidii. Mama mjane, ambaye ni wa jumuiya hiyo hiyo, aliitikia amina kama wengine. Bwana akaongeza na kufunga. Tangu hapo kila kitu kikawa ishara kwake. Mama akiugua, Mungu anasema. Kijana wa mama akikosa ada, njia inafunguka. Hakuwa akimwuliza Mungu tena. Alikuwa akimjulisha.

Na tusisahau kwamba kabla Nabothi hajapigwa mawe, Yezebeli, mke wa Ahabu, aliagiza utangazwe mfungo. Mfungo!

Maarifa hayakuwa mbali na bwana yule. Wamisionari wa Leipzig walifika Mamba, jirani zetu, mwaka 1894, na chuo cha Biblia kipo hapa hapa Mwika. Alipojiandaa kwa kipaimara alikariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, pamoja na maelezo ya ombi la tatu la Sala ya Bwana. Humo Luther anataja mapenzi ambayo Mungu hana budi kuyavunja: ya shetani, ya ulimwengu, na ya mwili wetu wenyewe. Hayo ya tatu huwa tunayapita haraka, labda kwa sababu yana jina letu.

Usiku mmoja masale, mimea inayotia alama mpaka, yakahama. Yeye hakuyagusa, alimlipa kijana mmoja. Kwenye kata, ambako tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza linasuluhisha tu bila kuamua, suluhu ilishindikana. Shauri likateremka Moshi mjini, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashahidi wawili, wawili kama wale wa Nabothi kule Yezreeli, waliapa kwamba mpaka ulikuwa pale tangu zamani. Ila aliyeyakata masale hakung'oa visiki. Masika ikanyesha, na wajumbe walipokuja kukagua eneo, machipukizi yalikuwa yamesimama mstari mzima, kutoka lami hadi kaburini.

Alishindwa shauri na kuvuliwa uzee wa kanisa. Akafuata mila: akamwendea mama na jani la sale mkononi, ambalo kwa Mchagga ni vigumu kulikataa. Mama akalipokea. "Nimekusamehe, mwanangu. Sasa rudisha mpaka."

Mpaka ulirudi siku hiyo hiyo. Kwenye jumuiya mambo yalichukua muda zaidi. Kina mama walikataa kuendelea na ibada mpaka ataje, mbele yao na mbele ya mjane, walikuwa wakimwombea nini hasa alfajiri zile zote.