Chanda Chema Huvikwa Pete: Lakini kwa Fedha ya Nani?

Wazee wetu walisema kwamba chanda chema huvikwa pete, na sisi walimu tumeirudia methali hiyo miaka nenda miaka rudi kila siku ya kugawa zawadi shuleni. Hakuna aliyeipinga. Lakini zawadi zetu zilikuwa madaftari, kalamu, pengine kamusi moja kwa mwanafunzi wa kwanza. Je, methali hiyo yasimama bado pale ambapo pete ni ada ya chuo kikuu, na mwenye kuinunua ni umma mzima? Yafaa tulitafakari swali hili pamoja.

Kwetu Tanzania serikali ilianza mwaka wa masomo 2022/2023 kutoa ufadhili uitwao Samia Scholarship kwa vijana waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Mfano wa siku nyingi zaidi, ambao matunda yake yamekwisha kuchunguzwa, uko Marekani katika jimbo la Georgia. Mwezi Novemba 1992 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kukubali bahati nasibu ya serikali, na mwaka 1993 gavana wao, Zell Miller, akaanzisha kwa mapato yake mpango ulioitwa HOPE, yaani Tumaini. Sharti lake lilikuwa jepesi kueleweka: kijana akimaliza shule ya sekondari kwa wastani wa alama B, jimbo litamlipia ada katika chuo cha umma cha humo humo jimboni. Akishafika chuoni, hana budi kuudumisha wastani huo, la sivyo ufadhili unakoma.

Tuyatazame kwanza mema yake, maana si machache. Mtoto wa darasani ajua tangu mapema kwamba jasho lake lina thamani. Mzazi naye ajua la kumwambia mtoto. Tena mcheza kwao hutunzwa: vijana wenye akili ambao wangekwenda kusoma majimbo mengine walipata sababu ya kubaki nyumbani. Ndiyo maana majimbo mengine yaliiga, kama vile Florida mwaka 1997 na Tennessee mwaka 2004.

Sasa tutazame upande wa pili. Hapo mwanzo mpango ule uliwekewa kikomo: familia yenye kipato kinachozidi dola 66,000 kwa mwaka haikustahili. Mwaka 1994 kikomo kikapandishwa hadi dola 100,000, na mwaka 1995 kikaondolewa kabisa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua wakawa sawa mbele ya dirisha la ufadhili. Lakini je, walikuwa sawa kweli? Katika miaka ile ya mwanzo, kijana maskini aliyekwisha kupata msaada wa serikali kuu ya Marekani alipunguziwa ule wa jimbo kwa kiasi hicho hicho, akabakia na fedha kidogo za vitabu. Mwaka 2000 mwanauchumi Susan Dynarski alionyesha kwamba mpango huo uliongeza idadi ya vijana wanaokwenda chuoni, ila ulipanua pengo lililokuwapo kati ya watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho, na kati ya Weupe na Weusi.

Na fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika tiketi za bahati nasibu. Yajulikana kwamba katika michezo ya namna hii maskini hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko tajiri. Basi ikawa mfagiaji anunua tiketi kila Ijumaa kwa matumaini yasiyotimia, na senti zake zinakwenda kumlipia ada mtoto wa daktari, ambaye angesoma hata bila senti hizo. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja sheria, lakini dhamiri haitulii.

Hapo ndipo swali lenyewe la maadili linapoanza. Tunaposema kijana “amestahili”, twamaanisha nini? Wako wasemao kwamba alama si za mtoto, ni za nyumba yake: ni za taa, chakula, vitabu na mwalimu wa ziada. Mimi siwezi kukubali hilo lote. Nimewaona watoto wa nyumba moja, wenye taa moja na chakula kimoja, mmoja akisoma na mwingine akilala. Jasho la mtoto ni lake, na kumwambia vinginevyo ni kumnyima heshima yake. Lakini alama haipimi jasho peke yake. Hupima jasho pamoja na njia, na wako waliotoa jasho zaidi wakafika karibu zaidi, kwa sababu njia yao ilikuwa ya mlima.

Liko na jambo jingine ambalo mwalimu yeyote atalielewa upesi. Chuoni ualimu tulifundishwa kwamba alama ni kioo: humwonyesha mwanafunzi mahali alipo, ili asonge mbele. Ukiifunga fedha nyingi nyuma ya alama hiyo, kioo chageuka kuwa hundi. Mwalimu aliyeketi usiku na kalamu yake nyekundu, akipima kati ya B na C, sasa ameshika ada ya mtoto wa jirani mkononi. Atakuwa na moyo wa jiwe asipoyumba. Na mwanafunzi naye aweza kuliogopa somo gumu, asije akapoteza wastani wake.

Watu wenye busara watanijibu kwamba kuwapima watu umaskini wao huleta fedheha na udanganyifu, tena kwamba mpango wa maskini peke yao hukosa watetezi. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, mwaka 2011, mapato ya bahati nasibu yaliposhindwa kuzifikia gharama, Georgia ililazimika kupunguza malipo ya wengi, na ada yote ikabaki kwa waliofikia wastani wa 3.7 kati ya 4 pamoja na alama za juu katika mtihani wa nje. Mfuko ulipopungua, kipimo kilichokazwa kilikuwa cha alama, wala si cha haja.

Maoni yangu ni kwamba tumechanganya vitu viwili, yaani tuzo na msaada. Tuzo hutazama nyuma, kwa kazi iliyofanyika, nayo apewe kila aliyefanya vema, awe tajiri au maskini. Yatosha cheti, kitabu na makofi ya watu. Msaada hutazama mbele, nao huuliza swali moja: ni nani asiyeweza kufika pasipo mkono wetu? Alama ziwe mlango, zionyeshe kwamba kijana ataiweza kazi ya chuo. Wakishapita mlangoni, fedha ya umma igawanywe kwa haja.

Jambo hili si la serikali peke yake. Hata sisi, tunapoketi kuchangia ada ya kijana mmoja wa hapa kwetu, hutuelemea haraka kumchagua yule aliyeongoza darasa, kwa kuwa jina lake lasikika. Tumpongeze kwa moyo wote. Kisha, kabla ya kufunga daftari la michango, tuulize ni nani aliyekuwa wa saba au wa nane, naye hatakwenda chuoni hata kidogo tusipomlipia.