Ukweli wa Picha ya Mfano

Kitu kinachofanana na kweli si lazima kiwe kweli, na kitu cha kweli si lazima kifanane na kweli. Mwanza yatoa ushahidi wa jambo hili kila siku. Mgeni atazamaye picha ya mawe ya mji ule, jiwe limekaa juu ya jiwe bila ya kufungwa wala kuegemezwa, na Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na ufuko, aweza kudhani kuwa aona kazi ya fundi aliyefinyanga plasta juu ya meza. Lakini mawe yale ni ya kweli, na yalikuwapo kabla ya mji. Kwa upande wa pili, ziko picha za magari moshi yanayopita kati ya vilima na stesheni, ambazo mtazamaji huzikubali bila ya kusita, kumbe gari lenyewe laweza kutiwa mfukoni. Hapo ndipo swali letu litokapo: mtu apigaye picha ya kitu kidogo hata kikaonekana kikubwa, je, asema uongo?

Kazi ya kuunda magari moshi ya mfano ina wapenzi wengi Ulaya, Marekani na Japani. Kipimo kimoja kipendwacho sana ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mwenye urefu wa sentimeta 174 huwa na sentimeta 2 tu. Na njia ya reli itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ambayo upana wake kati ya chuma na chuma ni meta 1, huwa na milimita 11 na nusu. Natufikiri kuwa fundi mmoja ameunda mfano wa bandari ya Mwanza Kusini, pamoja na MV Umoja, meli iliyoundwa ili ivushe mabehewa ya reli ziwani. Fundi huyu ataka mfano wake uonekane halisi katika picha. Atafanyaje?

Kwanza, hana budi kuinama. Lenzi ya kamera sharti iwe mahali pa jicho la mtu wa sentimeta 2, kwa maana abiria haioni stesheni kutoka mawinguni. Pili, hana budi kulifanya dogo tundu la lenzi lipitishalo nuru. Kamera iliyosogezwa karibu na kitu huona vema sehemu nyembamba tu. Mbele na nyuma yake huwa ukungu, na ukungu huo ndio unaosaliti udogo wa kitu. Tundu likiwa dogo picha huwa wazi zaidi kutoka karibu hata mbali, lakini yataka subira, kwa kuwa nuru huingia polepole. Siku hizi wako wapigao picha nyingi, kila moja wazi mahali pake, kisha wakaziunganisha kwa kompyuta. Tatu, taa iwe moja kama jua lilivyo moja, kwani nguzo yenye vivuli viwili hujishitaki yenyewe. Nne, behewa lipakwe kutu, mafuta na vumbi la Usukuma, kwa sababu behewa lisilo kovu halijapata kubeba pamba.

Walakini kipo kimoja kisichotii, nacho ni maji. Chuma chaweza kupunguzwa na mbao zaweza kupunguzwa, bali tone la maji hukaa na ukubwa wake, na wimbi la beseni halifanani kamwe na wimbi la ziwa. Kwa hiyo fundi hulifanya ziwa lake kwa vanishi au gundi ngumu ing'aayo.

Tukizipima sheria hizi twaona kuwa si sheria za hila. Ni sheria za uangalifu. Hapana mtu awezaye kuiga kutu asiyekwisha kutazama jinsi mvua inavyoteremka ubavuni mwa behewa. Wengi wetu tumepita mbele ya mabehewa mara mia, wala hatujui michirizi yake huanzia wapi. Fundi ajua. Katika kuiga ameutumikia ukweli kuliko sisi tuliouona bila ya kuutazama. Uhodari wake, basi, hauna hatia.

Lakini hatia yaweza kuja baadaye. Katika Aprili 1934 gazeti la Daily Mail la Uingereza lilitoa picha ya kichwa na shingo ndefu vikitokeza juu ya maji ya Loch Ness, ziwa la Uskoti. Watu wengi waliamini kuwa ni mnyama mkubwa asiyejulikana. Mwaka 1994, baada ya miaka 60, ilikwisha kubainika kuwa kilikuwa kichwa cha kuundwa kilichobandikwa juu ya nyambizi ya kuchezea. Nini kiliwadanganya watu? Si lenzi, kwani lenzi ilionyesha kilichokuwapo mbele yake. Picha ile iliaminiwa sana kwa sababu aliyeileta gazetini alikuwa daktari, na neno la daktari lina uzito. Uongo ulikuwa katika neno lililofuatana na picha.

Kwa watu wa ziwa letu jambo hili si la mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Natufikiri kuwa yule fundi ameunda meli iliyolala ubavu, akaipiga picha kwa uhodari ule ule. Ikitundikwa ukutani pamoja na maelezo ya kazi yake, ni sanaa, na pengine ni ukumbusho. Ikipelekwa usiku katika simu za watu pamoja na jina la meli iliyo safarini, mama wa Bukoba ataanguka kwa kilio kabla ya kupambazuka. Vivuli ni vile vile. Kilichobadilika ni neno moja.

Yamkini mtu atasema kuwa adanganyikaye ajilaumu mwenyewe kwa kutochungua. Hoja hii ni dhaifu. Mtu hawezi kuishi na wenzake ikiwa kila neno lao ni la kuchunguzwa kama fedha bandia. Na mwenye ndugu safarini hana utulivu wa kuhesabu vivuli. Mwingine atasema, kwa haki zaidi, kuwa fundi ameandika maelezo yake lakini picha imepita mikono mingi na maelezo yameanguka njiani. Hili ni kweli, na laongeza wajibu badala ya kuuondoa. Ajuaye kuwa neno lake litapotea na alitie ndani ya kazi yenyewe. Apige picha mbili: moja kwa ajili ya jicho, na nyingine kwa ajili ya dhamiri, ambamo mkono wake mwenyewe waonekana ukiliinua behewa kwa vidole viwili, na zote mbili aziunganishe ziwe karatasi moja.

Je, furaha itapungua? Sidhani. Mtoto asukumaye gari la waya mchangani ajua kuwa ni waya, na kujua huko hakumzuii kunguruma kama injini. Vivyo hivyo mtazamaji aonaye ule mkono huirudia picha ya kwanza, akaitazama mara ya pili kwa mshangao mkubwa zaidi. Kwani mara ya kwanza aliona gari moshi tu, na sasa aona gari moshi na mtu aliyeinama.