Udhuru wa Mkono Uliolegea

Mara hii twaleta mbele yenu swali ambalo wengi katika wenzetu watalicheka, nalo ni hili: Je, yafaa mtu mzima aliyepita miaka 40, mwenye kilemba chake kichwani na watoto wake nyumbani, aanze kuufanyisha mkono wake mazoezi ili upate nguvu za kushika? Na ikiwa yafaa, je, ni jambo la kupenda tu, au mna wajibu ndani yake? Sisi wenyewe tulikuwa wa mbele kulicheka swali hili, mpaka tulipokwenda Kitale na Bungoma. Huko ndiko kicheko kilikotuishia.

Tulialikwa Kitale na kijana aliyesoma kwetu zamani, ambaye sasa anafanya biashara huko. Kitale ni mji wa mahindi na maziwa, karibu na Mlima Elgon, na reli iliufikia mwaka 1926. Asubuhi ya kwanza tulitoka uani tukamkuta mama wa mwenyeji wetu, bibi aliyekwisha kupita miaka 70, anakama ng'ombe. Tukaomba kwa mzaha tujaribu nasi. Vidole vyetu vilikufa ganzi kabla maziwa hayajafunika chini ya ndoo. Bibi akasema, "Ondoka mwanangu, ng'ombe amechoka kungoja." Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Jioni tukawatazama wachukuzi wakipakia mahindi. Gunia moja ni kilo 90, wala halina mpini. Wawili hulikamata kwa pembe zake, wakalitupa mgongoni mwa watatu. Tukajisemea kuwa kila mtu ana kazi yake, na kazi yetu sisi ni kitabu.

Siku ya nne tulishika njia ya Webuye tukaenda Bungoma kuwazuru jamaa. Tulipofika tukakuta msiba. Mzee mmoja katika Waislamu wa mtaa ule amefariki, na watu wamekwisha kumswalia. Kwa kuwa sisi ni wageni na ni watu wa elimu, walitukirimu kwa kutupa mpini wa mbele wa jeneza. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya makaburini ni ya kupanda, ina utelezi. Hatukufika mbali. Tuliuhisi mpini ukitutoka, tukaukaza mkono, na mkono ukakataa. Vidole vilifunguka kimoja kimoja kama si vyetu. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mkulima mwenye mvi nyingi kuliko sisi, aliupeleka mkono wake chini ya mpini akasema kwa sauti ndogo, "Sheikhe, nikupokee." Maiti hakuanguka, na wengi hawakujua lililotokea. Lakini sisi tulijua, na yule mtu alijua.

Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Kwa miaka mingi tumewafundisha watu kwamba kumchukua na kumzika maiti ni faradhi iliyo juu ya jamii nzima, wakiifanya baadhi yao imewatosha wote, na wakiiacha wote wamepata dhambi. Tumeifundisha kwa ulimi, tumeiandika kwa kalamu, wala haikutupitikia hata siku moja kwamba faradhi hii yataka kiganja cha kushikia. Ni kweli kwamba asiyeweza ana udhuru. Mgonjwa ana udhuru, mkongwe ana udhuru, na aliyezaliwa na ulemavu ana udhuru, na hapana anayeweza kuwalaumu hao. Walakini swali lililotukosesha usingizi ni hili: aliyejilegeza mwenyewe mpaka akawa hawezi, udhuru wake ni sawa na wa hao? Mtu aliyepotewa na mali kwa moto, na mtu aliyeiacha mali yake wazi usiku mpaka ikaibiwa, wote wawili ni maskini asubuhi. Lakini hawako sawa.

Yafaa kwanza tujue nguvu za mkono ziko wapi, na zapotea vipi. Watu hudhani ziko katika vidole, na sivyo. Misuli mikubwa ya kukunjia vidole imo katika kigasha, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zipitazo katika kifundo, mfano wa mabaharia walio sitahani wakivuta henza, na tanga likapanda juu ya mlingoti. Misuli hii, kama misuli yote ya mwili, huanza kupungua polepole mtu akiuacha ujana, na kwa asiyeitumia hupungua upesi zaidi.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji mazoezi, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa chuo cha mkono. Walivuta kamba za jahazi, walipanda minazi, walichota maji kwa ndoo kisimani, na mama zetu walikuna nazi juu ya mbuzi kila siku ya Mungu. Leo nazi hukunwa kwa mashine sokoni, maji hutoka mferejini, na sisi wenye maduka, ofisi na madrasa kazi yetu ni kushika kalamu na simu. Hatusemi kuwa mashine ni mbaya. Twasema kwamba kazi ilikuwa ikitulipa malipo mawili, ujira na nguvu, na sasa twapokea moja tu. Hilo la pili, anayelitaka hana budi kulitafuta kwa kukusudia.

Wataalamu wa tiba nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2015 jarida la The Lancet la Uingereza lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi 17, zikiwamo Afrika Kusini na Zimbabwe, juu ya watu wapatao 140,000 wenye umri wa baina ya miaka 35 na 70. Walipimwa nguvu za kukamata kwa mkono, kisha wakafuatwa kwa muda wa kiasi cha miaka minne. Ikaonekana kwamba kwa kila kilo 5 za nguvu zilizopungua, hatari ya kufa ilizidi kwa asilimia 16, na kwamba kipimo hiki kilionyesha hatari hiyo vizuri kuliko kipimo cha shinikizo la damu.

Lakini hapa yataka tahadhari. Alama si sababu. Mkono dhaifu ni alama ya mwili mzima uliolegea, kama moshi ulivyo alama ya moto. Mtu atakayekaa kitini mchana kutwa akibana mpira kiganjani, na huku hatembei, na halali kwa wakati, na sahani yake imejaa mafuta na sukari, huyo anapepea moshi na moto ameuacha. Kwa hiyo hatuwaiti watu wafanye mazoezi ya mkono ili wapate alama nzuri kwenye kipimo. Twawaita ili mkono uweze kufanya matendo yake, na mkono hauwezi kutenda bila ya mgongo, mabega na miguu kutenda pamoja nao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuzijibu kauli za wapinzani.

Wa kwanza husema: Haya ni mambo ya vijana na ya majivuno, na mtu mzima kuonekana akibeba mawe ni kujivunjia heshima. Jawabu yetu ni kuwa nguvu ni mbili: ya kuonyeshwa na ya kutumika. Anayetafuta nguvu ili atazamwe amejitia utumwani kwa macho ya watu, awe kijana au mzee. Lakini anayeitafuta ili amnyanyue mamake mgonjwa kitandani, au amkamate mtoto asianguke dau linapoyumba, huyo heshima yake imezidi, haikupungua. Aibu yetu ya Bungoma haikuwa kwamba tulionekana tukifanya mazoezi. Ilikuwa kwamba hatukuyafanya.

Wa pili husema: Wakati umepita, na mti mkavu haukunjwi. Mfano huu una haki kwa mti, ama mwili wa mwanadamu si mti mkavu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wazee 10 waliokuwa katika nyumba ya wazee mjini Boston, ambao umri wao ulikuwa kiasi cha miaka 90. Walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8. Mmoja hakuweza kuendelea, na tisa waliomaliza nguvu za miguu yao zilizidi zaidi ya mara mbili. Ikiwa misuli ya mguu wa mtu wa miaka 90 yasikia mwito, sisi wa miaka 44 tuna hoja gani? Ni kweli kwamba kuchelewa kuna gharama yake, nayo ni subira. Misuli hupata nguvu upesi, lakini kano hukawia, na anayeharakisha atapata maumivu ya kiwiko badala ya nguvu. Na atazame mahindi ya Kitale: mbegu zinazopandwa katika baridi ile hukaa shambani miezi sita na zaidi, hali mahindi ya pwani huwa tayari kwa kiasi cha miezi minne. Wala hapana mkulima wa Kitale aliyeacha kupanda kwa sababu hiyo.

Wa tatu husema: Mimi nina watoto na vijana wa kunichukulia, nitaupataje mzigo? Huyu ndiye tuliyemhofia zaidi, kwa kuwa kauli yake ilikuwa yetu. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi twaongeza kuwa anayechukuliwa kila siku husahau kabisa uzito wa mizigo. Anamwamuru mchukuzi kwa sauti kubwa, anamlipa kwa mkono mzito, na anaona ajabu mtu akiomba apumzike. Kutokuwa na nguvu kulituondolea kitu kingine pamoja nazo, nacho ni kumjua mwenzetu anachokibeba. Tangu tulipoanza kubeba wenyewe, hatujathubutu kupigania bei na mtu wa mkokoteni.

Ama namna ya kuanza, tutaeleza tuliyoyafanya sisi, nayo hayana gharama. Tulichukua mitungi miwili ya lita 20, tukaitia maji nusu, ambayo ni kiasi cha kilo 10 kila mmoja. Tukaishika, mmoja kila mkono, tukatembea uani hatua 30 kifua wazi na mgongo umenyoka, tukapumzika, tukarudia mara tatu. Kisha tukakamua kitambaa kilicholowa mpaka kisitoe tone, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Kisha tukabana kipande cha ubao mzito baina ya kidole gumba na vile vinne, kwani gumba ni nusu ya mkono. Mwisho tukafunga vidole kwa mpira mwembamba, tukavifungua kwa kuushinda, maana mkono unaojua kufumba tu haujakamilika. Haya tuliyafanya siku tatu kwa wiki, tukiacha siku ya mapumziko baina yake, na maji tukayaongeza kidogo kidogo.

Mwenye maradhi ya moyo, au shinikizo la damu, au ngiri, amwone daktari kabla ya kuanza. Na kila mtu asizuie pumzi anapoinua, kwani kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafula. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu ya kiungo au ganzi ya vidole ni onyo, na mwenye akili husimama.

Hatuna budi pia kuungama kosa moja, msije mkalirudia. Baada ya miezi mitatu, tulipoweza kuibeba mitungi imejaa, tuliingiwa na fahari. Tukawa twapeana mkono na watu msikitini huku tukiwapima, nani ana kiganja kilegevu, nani amekaza. Siku moja tulimkamata mzee mmoja mkono kwa nguvu mpaka akakunja uso, naye alikuwa na baridi yabisi. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba nguvu isiyo na adabu ni udhaifu wa namna nyingine. Mkono hujulikana kuwa una nguvu kwa kushika kinachotaka kushikwa, na kuwa mlaini kwa kinachotaka ulaini.

Turudi kwenye swali letu. Twaona kwamba kulinda nguvu za mkono si faradhi iliyoandikwa kwa jina lake, lakini mambo mengi yaliyo wajibu hayatimii bila ya mkono; na lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, halifai kudharauliwa na anayeliweza. Udhuru ni rehema kwa aliyeshindwa. Anayeuandaa udhuru wake mapema kwa uvivu, anaichezea rehema hiyo.

Hivi karibuni tulihudhuria maziko hapa kwetu. Tulishika mpini, tukaenda nao hatua kwa hatua, mkono ukatuuma lakini haukufunguka. Ilipofika zamu ya mwingine, jirani yetu alikuja akasema, "Sheikhe, nikupokee." Tukampa. Lilikuwa neno lile lile la Bungoma, na safari hii lilikuja kwa wakati wake.