Mnyonge na Haki Yake

Wahenga walituachia kauli yenye makali pande mbili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aghalabu twaitaja kwa kuisifu, kwa kuwa haikuisahau haki. Lakini tukiipima neno kwa neno, twaona kuwa imeruhusu jambo zito: mtu aweza kunyongwa, maadamu stahili yake imelipwa. Je, mambo hayo mawili yatengana? Yawezekana mkono mmoja ukatoa haki ilhali wa pili umekaba koo?

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, siku ya hukumu watu hawaulizwi waliimba vipi wala walifunga mara ngapi. Waulizwa habari za mwenye njaa, mgeni, aliye uchi na mfungwa. Na Hakimu mwenyewe ajihesabu miongoni mwao. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alifundisha kuwa chakula kinacholimbikizwa na tajiri ni mali ya mwenye njaa. Msomaji Mwislamu hataliona hilo kuwa geni, kwani zaka nayo ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, si hisani yake. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, maskini ni mdai, si mwombaji.

Tofauti hiyo ina historia yake hapa visiwani. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini pale pale lilipokuwa soko. Askofu Edward Steere aliusimamia ujenzi hadi mwisho. Lakini kufunga soko si kufunga dhuluma. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa waraka uliowahimiza maofisa na machifu kuwapeleka Waafrika kwenye mashamba ya walowezi. Baadhi ya viongozi wa makanisa waliukosoa, lakini wakakubali kuwa kazi ya kulazimishwa yaweza kuwepo, mradi iwekwe wazi kisheria na iwe na mipaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikataa. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiipinga lazima yenyewe, si ukali wake tu. Wenzake walitaka mnyonge anyongwe kwa utaratibu. Yeye alitaka mkono utoke shingoni. Na mwaka 1923, mbele ya Waanglikana waliokusanyika London, aliifunga ibada ya altareni na hali ya mafukara wa mijini: ya kwanza bila ya pili aliiona batili.

Paa la Mkunazini lilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Ng'ambo ya bahari, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilima cha Wazo nacho ni matumbawe ya kale, na kiwanda kilichoanza kuyageuza saruji mwaka 1966 kilikuwa cha kwanza nchini Tanzania. Katika viunga hivyo, Boko na Kunduchi, wapo waliojipatia riziki kwa kuketi juani wakiponda mawe kwa nyundo na kuuza kokoto. Tuseme usharika mmoja huko wajenga kanisa. Jumapili kapu lapitishwa kwa ajili ya mjane mponda kokoto aliye mgonjwa, na watu watoa kwa moyo mkunjufu. Jumatatu kamati ya ujenzi yamwendea mjane yule yule, yavutana naye bei mpaka ashushe, kwa kuwa ana shida na hawezi kungoja mnunuzi mwingine. Fedha za kapu zimetoka wapi, basi, kama si katika jasho lake?

Atatokea wa kusema: mwenye njaa leo hawezi kungoja mifumo ibadilike. Kweli, anayezama hupewa mkono kwanza. Sadaka haina kosa inapokoa uhai. Kosa lake ni pale inapogeuzwa kuwa stakabadhi, kana kwamba aliyetoa senti hadaiwi tena shilingi. Mwaka 1970, akihutubia masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki, alilitaka Kanisa lishiriki kuipinga miundo inayowafanya watu kuwa maskini, lisitosheke na kuwahudumia tu walioumizwa nayo.

Huduma kwa maskini, kwa hiyo, haianzi kapuni. Huanza penye mizani, penye ujira na penye bei, pale ambapo mwenye nguvu aweza kukaba na hakuna wa kumwona. Kamati ile ikimlipa mjane thamani kamili ya kokoto zake, haikumfanyia hisani yoyote wala haistahili shukrani. Imelipa deni. Baada ya hapo ndipo kapu lipite.