Kadi ya Mkopo: Zawadi Yalipwa na Nani?

Wenye kadi za mkopo hubishana: ipi bora, inayorudisha fedha au inayotoa pointi za safari? Kwa hesabu tu, fedha ina nafuu. Shilingi ni shilingi, ilhali thamani ya pointi hupangwa na mtoaji, na kesho aweza kuishusha. Tena pointi humvuta mtu kwenye safari asiyoihitaji.

Lakini swali zito ni hili: zawadi hiyo hutoka wapi? Sehemu ni ada anayokatwa mwenye duka, naye huiingiza kwenye bei; hivyo hata maskini anayelipa taslimu huichangia. Sehemu nyingine ni riba ya aliyeshindwa kulipa kwa wakati.

Utasema: "Mimi hulipa mapema, riba hainihusu." Mwaka 2000, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Riyadh na kuamua kuwa kadi ya mkopo yenye sharti la riba haijuzu, hata kwa aliyenuia kulipa ndani ya muda usiotozwa riba. Kwani anayetia saini amelikubali sharti.

Basi tusome mkataba kabla ya kuhesabu zawadi. Kadi inayokata fedha uliyokwisha kuiweka mwenyewe yatosha. Wallahu a'alam.