Kuomba na Kuamuru

Sisi tufundishao lugha ya Kiingereza hapa Unguja twaulizwa mara kwa mara swali ambalo halimo katika vitabu vya sarufi. Watoto wakirudi nyumbani na madaftari yao, mzazi huona wameandika namna sita au saba za kuomba jambo moja, tuseme kufungiwa mlango, na kila namna ni ndefu kuliko iliyotangulia. Ndipo aulizapo: Je, mlango haufungwi kwa neno moja? Maneno haya mengi ni adabu, au ni unafiki ufundishwao shuleni? Swali hili ni jema, wala si la lugha tu, bali ni la moyo wa mtu na jirani yake. Basi twataka kulitazama mwezi huu: kwanza Waingereza huombaje, kisha sisi huombaje, na mwisho heshima yenyewe i wapi.

Mwingereza atakaye kuomba hupima mambo matatu kabla ya kufungua kinywa: uzito wa jambo analotaka kumtwika mwenziwe, umbali ulio kati yao, yaani kama wajuana au hawajuani, na cheo cha kila mmoja. Nduguye aketiye naye mezani humwambia tu "Pass the salt," yaani nipe chumvi, akaongeza "please," neno ambalo asili yake ni kusema, ikikupendeza. Akitaka kuazima kalamu ya mwenziwe darasani, husema "Can you lend me your pen?" kana kwamba auliza, Je, waweza kuniazima kalamu yako? Akikutana njiani na mtu asiyemjua, humtaka radhi kwanza kwa "Excuse me," kisha husema "Could you tell me the way to the market?" Hapo "can" imegeuka kuwa "could," ambayo kwa asili ni kitenzi cha wakati uliopita, haja imerudishwa nyuma hatua moja, ili isimsonge yule asikiaye. Na akiwa na neno zito kwa mkubwa wake wa kazi, husema "Would you mind if I left early today?" yaani, Je, utachukizwa nikiondoka mapema leo? Katika barua huenda mbali zaidi, akaandika kwamba angeshukuru kama mwenziwe angefanya kadha wa kadha.

Katika hiyo "Would you mind" pana shimo ambalo wanafunzi wengi hutumbukia. Aliyeulizwa kama atachukizwa, naye ataka kukubali, yampasa kujibu "No" au "Not at all," yaani la, sichukizwi kabisa. Mwanafunzi aliyezoea kukubali kwa "Yes" hujibu "Yes," na kwa maneno yake amekataa, ingawa moyoni amekubali.

Walakini wale wale Waingereza, wasalipo Sala ya Bwana, humwomba Mungu mkate kwa kitenzi kitupu, bila "please" wala "could." Nao hawamkosei Mungu adabu, kwa kuwa mtoto hahitaji ngazi ndefu kumfikia baba yake. Kwa hiyo urefu wa maneno peke yake si heshima, wala ufupi wake si dharau. Ila tuliangalie neno moja: zile sentensi ndefu karibu zote zina umbo la swali, na swali, tofauti na amri, laweza kujibiwa kwa la. Neno hili tutalihitaji mbele.

Na sisi je? Mgeni aliyezoea adabu ya Kiingereza akifika sokoni Darajani husikia watu wakisema "Nipe ndizi" na "Nipimie mchele," wala hasikii "tafadhali" mara nyingi, naye hudhani kwamba Waswahili hawajui kuomba. Hakusikiliza tangu mwanzo. Mtoto aliyetumwa dukani hufika na kusema, "Shikamoo, ami." Mwenye duka huitikia, "Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?" "Hatujambo, ami. Mama asema umpimie kilo moja ya mchele." Heshima imekwisha kutangulia, na haja imekuja nyuma yake. Vivyo hivyo hatuingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na hodi ya tatu isipoitikiwa, twarudi tulikotoka.

Tena lugha yetu imeweka adabu ndani ya kitenzi chenyewe. "Funga mlango" ni amri. "Ufunge mlango" imelainika kidogo. "Nifungie mlango" yakiri kwamba kazi hiyo ni kwa faida yangu mimi, na wewe wanifadhili. Na "naomba unifungie mlango" ni ombi kamili. Silabi moja au mbili katika kitenzi zafanya kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa maneno matano.

Kwa hiyo adabu hizi mbili hupishana njiani bila kusalimiana. Mgeni huingia dukani na kusema, pasipo salamu, "Naweza kupata maji?" akifasiri neno kwa neno kutoka lugha yake. Amejitahidi kuwa mpole; lakini mwenye duka huona amevamiwa na mtu asiyejua hata kusema hujambo. Na kijana wetu apokeaye wageni hotelini humsalimu Mwingereza vizuri, akamuuliza habari za safari, akampa pole ya njiani, kisha akasema "Give me your passport," kwa kuwa kwa Kiswahili angesema nipe pasipoti yako, wala hapana ubaya. Mwingereza huona ameamriwa kama mfungwa. Kila mmoja amemheshimu mwenziwe, na kila mmoja ameona amedharauliwa. Hapo hapana mnafiki. Heshima ilikuwapo, ila iliwekwa mahali ambapo mwenziwe hakuzoea kuitafuta.

Basi ikiwa heshima yaweza kukaa katika salamu, au katika kitenzi, au katika umbo la swali, yenyewe ni nini? Sisi twaona kwamba ni kumwachia mtu nafasi ya kukataa. Aombaye akiri kwamba mkono wa mwenziwe si mkono wake, wala saa za mwenziwe si saa zake. Salamu humwambia mtu, nimekuona wewe kabla ya kuitazama haja yangu. Swali humwambia, jibu ni lako. Nafasi hiyo isipokuwapo, maneno yawe matamu namna gani, hapana ombi. Pana amri iliyovikwa kanzu.

Kisiwa chetu chalijua jambo hili kwa uchungu. Hapa mjini, mtaani Mkunazini, palikuwa na soko walimouzwa watu, hata mwaka 1873 Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu katika uwanja huo. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria iliendelea kuutambua utumwa katika Unguja na Pemba hata mwaka 1897, na masuria walingoja hata mwaka 1909. Mtu aliyenunuliwa aliweza kusemeshwa kwa upole, na bwana mpole aliweza kumwita mwanangu. Walakini upole huo haukumfanya kuwa mtu wa kuombwa, kwa maana hakuwa na la yake. Methali yetu yasema, Heshima si utumwa. Aghalabu twamwambia hivyo kijana aonaye haya kumnyenyekea mkubwa wake. Yafaa tumwambie na mkubwa pia: heshima uliyopewa si hati ya kummiliki aliyekupa.

Wasomaji wetu waujua Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ulio na sura moja tu. Paulo asema wazi kwamba angeweza kumwamuru Filemoni katika habari ya Onesimo, mtumwa wake, lakini achagua kumsihi kwa ajili ya upendo. Tena ataka wema wa Filemoni uwe wa hiari, usiwe wa kulazimishwa. Msomaji makini ataona kwamba humo mna msukumo pia, maana Paulo amkumbusha Filemoni deni lake. Ni kweli. Ombi la haki laweza kuwa na uzito mwingi, na mwombaji aweza kuzitaja sababu zake zote. Asichoweza ni kuuziba mlango na kukaa mbele yake.

Huenda mtu akatupinga, akasema: Mbona wakubwa wa dunia husema maneno ya unyenyekevu, na kila mtu ajua kwamba hawanyenyekei? Katika zama za ulinzi wa Waingereza hapa Unguja, tangu mwaka 1890 hata 1963, ilikuwa desturi ya barua za serikali yao kumalizika kwa maneno ya kwamba mwandishi anayo heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa yule aandikiwaye. Mkubwa aliweza kumwandikia karani barua ya kumwondoa kazini, na chini yake akajiita mtumishi wake mtiifu. Je, alisema uongo? Twajibu, la, kwa kuwa hapana aliyedanganyika. Lilikuwa vazi la barua tu.

Wala hatusemi kwamba kila amri ni mbaya. Nahodha hamwambii baharia "Would you mind" wakati tanga linapasuka. Mama amwambiaye mwanawe "Niletee maji" haombi ruhusa, wala mtoto haonewi. Amri ya haki iliyosemwa kwa upole ni jambo jema, maana upole huo wamwambia mtu, nakuamuru kwa sababu ya kazi hii, lakini sikusahau kwamba wewe ni mtu. Kosa li mahali pengine. Kosa ni pale mtu aombapo kwa kinywa ili apate sifa ya mpole, na moyoni aamuru ili apate nguvu ya bwana, akazitaka zote mbili kwa pamoja. Twasema, Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, nasi twaisifu sana methali hiyo. Lakini nyoka hutolewa ili apigwe. Maneno mazuri yakitumika hivyo kwa binadamu, ni heri aliyenyamaza.

Tutazame mfano wa siku hizi. Tangu Mji Mkongwe uandikwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, wageni wamezidi kupita vichochoroni mwetu na kamera zao, na sasa kila mwenye simu ana kamera. "Can I take your picture?" ni sentensi sahihi, sarufi yake haina ila. Lakini mara nyingine husemwa kamera ikiwa imekwisha kuinuliwa, na mwanamke aketiye barazani hana la kufanya ila kugeuza uso na kuvuta mtandio wake. Swali limeulizwa, jibu halikungojwa. Mgeni mwingine hajui Kiswahili wala Kiingereza chake si kizuri, husimama mbali, kamera imeshuka kifuani, akasema neno moja tu, "Picha?" Akitikisiwa kichwa, huinamisha chake, akashukuru, akapita. Huyu amevunja sarufi, lakini hakumvunjia mtu heshima yake.

Wala tusiwanyoshee wageni kidole peke yao. Wako kwetu wamtumao msichana wa kazi saa nne ya usiku kwa "tafadhali, mwanangu," hali wajua kwamba hana nguvu ya kusema amechoka. Wako wamwendeao jirani kumkopa fedha mbele ya watu arusini, ili aone haya kuwanyima. Wako wazee wamwambiao kijana aliyepata mshahara wa kwanza, "Twakuomba tu, mwanetu," na akisema hana, habari zake zimefika mtaa wa pili kabla ya jua kuchwa. Maneno yote hayo ni mazuri. Kipimo chake ni kimoja: utazame uso wako mwenyewe baada ya kuambiwa la. Ukikunjamana, ukaanza kuhesabu wema uliomtendea mtu huyo zamani, basi hukuwa ukiomba.

Kwa sababu hiyo twawasihi walimu wenzetu, na wazazi pia, kwamba watoto wafundishwapo kuomba wafundishwe na kukataa, kwani mambo haya mawili ni pacha. Mwingereza akikataa kwa adabu husema "I'm afraid I can't," ambayo neno kwa neno ni naogopa siwezi, wala hapana hofu ndani yake, ila masikitiko. Au husema "I'd rather not," yaani ningependa nisifanye. Vijana wetu wafanyao kazi katika hoteli za Nungwi na Paje wazijua vizuri njia za kusema ndiyo kwa Kiingereza. Wazijue na hizi, maana asiyeweza kukataa kwa lugha fulani, huamriwa katika lugha hiyo, hata akiombwa kwa maneno ya dhahabu.

Na katika Kiswahili chetu tujizoeze neno la kweli. Wengi wetu twaona haya kusema la, twasema "tutaona," au "njoo kesho," na mwombaji hurudi kesho na kesho kutwa, akipoteza nauli na matumaini. Huo si upole. "Niwie radhi, ndugu yangu, jambo hili siliwezi" ni maneno machache, nayo yamwacha mtu huru kwenda kutafuta msaada kwingine.

Basi, wasomaji, tusiwazuie watoto wetu kujifunza ngazi hii ndefu ya Kiingereza, wala tusiwaruhusu kusahau shikamoo na hodi. Wamwombe Mwingereza kwa adabu yake, na Mswahili kwa adabu yetu. Lakini katika lugha zote mbili, na tuwaonyeshe kwa mwenendo wetu, hasa kwa wale walio chini yetu, kwamba mtu akituambia la, twaweza kumjibu asante, na kesho yake tukamsalimu kama jana.