UMEKATAZA RIBA: JE, UMEKOPESHA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad.

Ijumaa ya leo tunazungumza juu ya jambo linaloulizwa mlangoni mwa msikiti karibu kila wiki. Mtu wa kijijini, asiye na mshahara wala nyumba ya matofali ya kuweka rehani, akitaka mtaji wa kazi yake ndogo, aende wapi? Na mikopo inayopatikana kwetu huku, ipi ni halali na ipi ni haramu?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana hutuba isiyomgusa anayeitoa haiwagusi wanaoisikia.

Mama mmoja wa jamaa yetu, mjane, kazi yake ilikuwa kununua mafuta ya mawese vijijini na kuyapeleka sokoni mjini. Siku moja baada ya swala ya Alasiri alinisimamia mlangoni, akasema: “Shehe, kikundi chetu cha akiba kinataka kunikopesha franka 100,000. Baada ya miezi mitatu nirudishe 130,000. Ni halali?” Nilimjibu palepale: “Haramu, mama.” Akasema ahsante, akaenda zake. Na mimi nikarudi ndani nikiona nimeifanya kazi yangu.

Baadaye nikasikia kwamba alikwenda kwa mtu wa banki lambert, wale wanaokopesha kwa siri. Huko alipewa 100,000 arudishe 150,000 kwa mwezi mmoja, na rehani yake ikawa kinga, ile baiskeli aliyoachiwa na marehemu mume wake, ambayo ndiyo ilibeba bidoni zake. Mvua zikaharibu njia, mafuta yakachelewa, mwezi ukaisha. Kinga ikachukuliwa. Nilipokutana naye tena alikuwa anatembea kwa miguu, bidoni moja kichwani. Akanisalimia kwa heshima ileile ya kila siku, na heshima ile ndiyo iliyoniuma.

Sasa sikilizeni. Siku ile nilipomwambia “haramu”, ndani ya sanduku la msikiti kulikuwa na pesa ya rangi ya ukuta. Ilikuwa imekaa miezi mingi. Ukuta ulikuwa unangoja, na ungeweza kungoja zaidi. Mimi sikulikumbuka sanduku lile hata kidogo. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine mama yule aliitafuta peke yake, akaipata kwa mnyang'anyi.

Kwa hiyo swali la leo ni hili: mtu aliyekataza haramu, naye hakuifungulia halali mlango, je, ametimiza wajibu wake?

RIBA NI RIBA, HATA IKIWA NA JINA ZURI

Wengine watasema: Shehe analainisha mambo. Hapana. Riba imekatazwa katika Sura ya Baqara kwa maonyo makali kuliko madhambi mengi, na Mtume (s.a.w.) katika hutuba yake ya kuaga aliifuta riba yote ya zamani, akianza na ile ya Abbas, ami yake mwenyewe. Wanachuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Jeddah mwaka 1985 walisema wazi kwamba nyongeza yoyote inayoshurutishwa juu ya deni ni riba. Iite intere, iite faida, iite “ya soda”: jina halibadilishi kitu.

Lakini vikundi vya AVEC vinatuletea hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mnavifahamu: watu 15 hadi 25, sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, kila wiki mtu ananunua hisa, moja hadi tano. Wanakopeshana, na baada ya mwaka hivi wanagawana kila kitu. Mtindo huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini katika nchi ya Waislamu. Ni mtindo mzuri wa kujizuia na kuaminiana. Wenyewe wanasema: “Shehe, nyongeza tunayolipa inarudi kwetu wenyewe. Hakuna tajiri wa nje anayetula. Riba iko wapi?”

Tuifanye hesabu pamoja. Mama mmoja anaweka hisa moja kila wiki. Mwenye duka anaweka hisa tano. Mama anakopa franka 100,000 kwa miezi mitatu, mara mbili katika mwaka, kwa asilimia 10 kila mwezi. Nyongeza anayolipa ni 60,000. Mwenye duka hakukopa hata mara moja. Siku ya kugawana, faida inafuata hisa. Tukiwachukua hao wawili peke yao, katika zile 60,000 mama anarudishiwa 10,000, na mwenye duka anapata 50,000. Mama ndiye aliyetembea njiani, ndiye aliyenyeshewa, ndiye aliyeogopa mafuta kumwagika. Mwenye duka alikaa. Na mafuta yangemwagika yote, mama angelipa vilevile.

Basi nyongeza hairudi “kwetu”. Inatoka kwa mwenye shida inakwenda kwa mwenye nafasi. Hiyo ndiyo sababu ya kukatazwa kwake, na kikundi kuwa chetu hakuiondoi.

NA HOJA YA MWENYE DUKA

Lakini tumsikilize na yeye, maana uadilifu ni kusikiliza pande mbili. Anasema: “Franka inashuka. Nikikopesha mwaka huu, mwakani inanunua kidogo zaidi. Na pesa yangu ningeizungusha dukani. Kwa nini mimi nipate hasara kwa ajili ya wema?”

Maneno yake yana ukweli, na dini haikumwacha bila njia. Kama unaogopa franka kushuka, kopesha kitu kisichoshuka hivyo: mkopeshe bidoni kumi za mafuta, akurudishie bidoni kumi za mafuta yaleyale; au dola kwa dola bila kuongeza. Kama unataka faida, ingia katika kazi yenyewe. Mpe mtaji, naye atie jasho, na faida mgawane kwa sehemu mliyopatana tangu mwanzo, nusu kwa nusu au theluthi. Hiyo ni mudharaba. Mzigo ukipotea bila uzembe wake, wewe umepoteza mali na yeye amepoteza jasho. Au mnunulie wewe bidhaa, iwe mali yako kwanza, kisha umuuzie kwa bei mliyoipatana, alipe kidogokidogo. Bei hiyo haipandi tena hata akichelewa. Hiyo ni biashara, nayo ni halali.

Ona tofauti yake: katika biashara, anayetaka faida anaibeba hofu ya hasara. Katika riba, anataka faida na hofu yote anamtwika mwenzake.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo la mkopo wa kuaminiana tangu zamani. Waliliita mali kauli: mfanyabiashara anapewa mali kwa neno lake tu, analipa akirudi safari. Hivyo ndivyo misafara ya pwani ilivyofika mpaka Kasongo katika karne ya 19, na Tippu Tip mwenyewe alisafiri kwa mali aliyokopeshwa na Taria Topan wa Unguja. Lakini misafara ile ilibeba pia dhuluma ya utumwa, nasi hatuisifu kwa hilo. Funzo letu ni kwamba uaminifu kati ya mkopeshaji na mkopaji hautoshi. Lazima tuulize: pesa hii inapopita, inamwacha nani amelala chini?

SISI TUNAOKATAZA

Narudi kwetu. Katika Baqara, aya za riba hazikuja peke yake. Kabla yake kuna aya nyingi za kutoa sadaka. Baada yake kuna amri ya kumngojea mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Kisha inafuata aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Kurani, nayo ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Angalia mpangilio huo: kutoa, kukataza, kungoja, kuandika. Sisi tumechukua la pili peke yake tukaacha matatu.

Mtume wetu (s.a.w.) alifariki na deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya nyumbani kwake. Kukopa basi si aibu. Na alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipa, alisita kumswalia mpaka Abu Qatada aliposema: deni hilo liko juu yangu. Wengi tunaihadithia habari hii ili kuwatisha wenye madeni. Isome tena umtazame Abu Qatada. Katika jamaa ile alipatikana mtu mmoja wa kusimama. Katika jamaa yetu angepatikana nani?

Wengine wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr huko Misri, Ahmad El-Naggar alianzisha banki ya akiba isiyo na riba kwa wakulima na watu wadogo. Mwaka 2001, huko Lahore, Pakistani, Amjad Saqib na wenzake walianza Akhuwat, yaani undugu, kwa mkopo mmoja wa rupia 10,000 bila nyongeza, na mikopo yao wakaitolea misikitini mbele ya watu. Leo imekuwa kazi kubwa sana. Hawakungoja mafuta ya petroli yachimbwe kwao.

MAMBO YA KUFANYA

Ewe unayetafuta mtaji, fuata njia hizi:

1. Anza na likelemba. Watu kumi wanaojuana, kila mmoja anatoa sawa, mmoja anapokea kwa zamu. Hakuna nyongeza. Mwenye shida kubwa apewe zamu ya mbele.

2. Kama uko katika AVEC, usiivunje. Ongea na wenzako muondoe nyongeza, muweke mchango mmoja ulio sawa kwa wote, wanaokopa na wasiokopa, wa daftari na gharama. Wanachuoni walisema huko Amman mwaka 1986 kwamba gharama halisi za kuhudumia mkopo zinaruhusiwa, zisizidi hapo. Kama kikundi kinataka faida, sanduku linunue mpunga wakati wa mavuno na kuuza baadaye, na faida mgawane.

3. Ukienda COOPEC au nyumba ya mikrofinansi, uliza kwanza ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo; sheria za 2002 na 2011 ziliweka sharti hilo. Anayepokea akiba zenu chini ya mwembe bila karatasi, kesho hamtamwona. Uliza pia: nitarudisha jumla ngapi? Nikichelewa mnafanya nini? Usitie kidole kwenye karatasi usiyosomewa.

4. Andika. Hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Deni lililoandikwa linalinda undugu.

5. Usikope kwa ajili ya arusi na matanga. Kopa kwa kitu kitakachojilipa. Na ukikopa, lipa. Mkopaji tajiri wa maneno anaufunga mlango kwa maskini wote wanaomfuata.

Na yule aliyekwisha kuingia katika riba kwa sababu mtoto alikuwa anakufa hospitalini, nasi sote tulifunga mikono? Mimi simtukani. Dharura ina hukumu yake, na Mwenyezi Mungu anajua nani alilazimishwa. Ninaogopa zaidi kwa wale waliomwona akienda. Tusisahau kwamba wenye madeni ni fungu mojawapo kati ya mafungu manane ya zaka.

Ndugu zangu, tumekubaliana na wazee wa msikiti: pesa ya rangi itakuwa mwanzo wa mfuko wa karadha hasana. Sanduku, kufuli tatu, funguo tatu, na mmoja wa wenye funguo atakuwa mama. Mkopo wa kwanza umekwisha kutolewa, na mwenye kuupokea alitaka kununua kinga. Alipopewa aliniuliza: “Shehe, na hii nitarudisha ngapi?” Nikamjibu: “Ileile, mama.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Kumbe ilikuwako.”

Neno hilo nawaachieni. Ilikuwako.

Kila mwenye uwezo, hata wa franka 1,000, aje baada ya swala. Si sadaka; itarudi kwako ukiihitaji. Ukuta wetu utabaki bila rangi mwaka huu. Atakayeuliza sababu, mwambieni.

Ee Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Walipie wenye madeni, na ifungue mikono yetu kabla haijafungwa kwa sanda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala kufungia mandazi. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)